Baridi Isiyo na Fungu

Inatangazwa kwa watumishi wote, matarishi wote na umma kwa jumla kwamba kuanzia Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, msimu wa baridi umeahirishwa. Utaanza utakapopata kibali. Anayetaka kuhisi baridi kabla ya hapo afanye hivyo nyumbani kwake, nje ya saa za kazi.

Tangazo hilo nililichapa mimi. Nililichapa mara tatu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi na kila mara viliangukia herufi za jirani.

Mimi ni Karani wa Rejista ya Mafuta katika Idara ya Usambazaji wa Nyaraka na Vifurushi. Idara yetu ina pikipiki sita, matarishi sita wa kuziendesha, fundi mmoja na Mkurugenzi mmoja. Tunapeleka barua za serikali, fomu za shule na dawa za zahanati kwenye vijiji vya milimani, ambako magari hayapendi kwenda. Kazi yangu mimi ni kuandika: pikipiki fulani imetiwa lita ngapi, imekwenda kilomita ngapi. Ni kazi ya kimya. Nami ni mtu wa kimya, kwa hiyo tunaelewana.

Ni rejista yangu iliyoanzisha mambo yote haya, na ninaomba radhi.

Miezi ya joto, kila lita moja ilipeleka pikipiki kilomita arobaini, kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Mwezi wa sita, nyasi za uwanjani zilipoanza kuamka nyeupe, lita ikawa inapeleka kilomita thelathini na sita. Mwezi wa saba ikafika thelathini na moja. Nikapiga mstari mwekundu chini ya ile thelathini na moja, nikabisha hodi kwa Mkurugenzi.

Ofisi ya Mkurugenzi ina zulia, hita mbili na kipimajoto kimoja, ambacho ndicho kipimajoto pekee cha Idara. Kimetundikwa ukutani, juu kidogo ya hita ya pili. Mkurugenzi alisoma rejista, kisha akanyoosha kidole ukutani.

"Binti Karani, pale panasoma ngapi?"

"Ishirini na sita, Mkurugenzi."

"Ishirini na sita ni baridi?"

"Hapana, Mkurugenzi."

"Sasa mafuta yanakwenda wapi?"

Sikujua. Akaagiza aitwe Fundi.

Fundi wetu ni mama wa makamo ambaye wote tunamwita Mama Spana. Aliingia na ovaroli lake, akasimama pembeni ya zulia ili asilichafue, akaanza kuelekea kwenye hita bila miguu yake kuonekana ikitembea.

"Mkurugenzi, pikipiki ni kama mtu mzima," alisema. "Asubuhi haiamki bila kubembelezwa. Injini ikiwa ya baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, inabaki matonematone, haishiki moto. Ndiyo maana ikawekwa choki. Unavuta choki, hewa inapungua, petroli inazidi, injini inaamka. Unaiacha dakika mbili tatu ipate moto, unarudisha choki, unakwenda zako. Hapo umeshachoma mafuta na hujafika hata getini. Tena oili imekuwa nzito kama uji wa jana. Tena matairi, upepo unanywea kwa baridi, tairi linalala, pikipiki inaenda tambarare kama inayopanda mlima. Jumlisha mwenyewe."

Mkurugenzi alikuwa amesikia jambo moja tu.

"Unasema kwenye pikipiki kuna kifaa ambacho kazi yake ni kuongeza mafuta?"

"Ndiyo, choki."

"Na kiko mkononi mwa nani?"

"Mwa dereva. Kwani ulitaka kiwe mkononi mwa nani, mwa mchungaji?"

Mkurugenzi alinigeukia na macho ya mtu aliyeokota ufunguo barabarani. "Andika," akaniambia.

Mtu asiseme kwamba Mkurugenzi hakufuata taratibu. Alizifuata zote. Kwanza aliandikia Makao Makuu kuuliza kama baridi ipo. Makao Makuu, ambayo iko bondeni kwenye joto, ilijibu baada ya siku tisa kwamba bajeti inatambua misimu miwili: Mvua, fungu la kumi na nne, lenye makoti ya mvua, na Kiangazi, fungu la kumi na tano, lenye maji ya kunywa. Baridi haina fungu. Na kisicho na fungu, barua ilisema, hakitambuliki.

Mkurugenzi angefanya nini? Alikuwa na baridi ambayo haitambuliki na mafuta ambayo yanapotea. Akaiahirisha.

Jumatatu tulikusanyika uwanjani. Mkurugenzi alisimama kwenye ngazi, mlango wa ofisi yake ukiwa wazi nyuma yake ili joto limfikie mgongoni.

"Wahenga walisema lisemwalo lipo," alianza. "Kwa hiyo lisisemwe."

Tukapiga makofi. Tulipiga kwa muda mrefu, kwa sababu yalikuwa yanapasha mikono.

"Wahenga haohao walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo tunaanza na nguo."

Sweta, alieleza, ni taarifa ya uongo inayovaliwa. Mtu akikuona na sweta anadhani kuna baridi. Akidhani kuna baridi anavuta choki. Akivuta choki mafuta ya umma yanaungua. Masweta yote, makoti yote na skafu zote zikabidhiwe kwa Karani wa Rejista, zipewe namba, zitunzwe kama vielelezo. Choki zote zitatiwa lakiri nyekundu yenye mhuri wa Idara, na atakayevunja lakiri atakuwa amevunja Idara. Mwisho, pikipiki isiyofikisha kilomita arobaini kwa lita, dereva wake atajaza Fomu ya Maelezo ya Ziada.

Fomu hiyo aliibuni mwenyewe. Chini ya "Sababu ya matumizi kuzidi" kulikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama: Wizi. Uzembe. Ukaidi.

"Na kama ni kitu kingine?" aliuliza Mama Spana.

"Kitu kingine kama nini?"

Mama Spana akafungua mdomo, mvuke ukatoka, akaufunga.

Nilipokea masweta sita, makoti matatu, skafu nne na jozi moja ya soksi. Soksi hizo zilikuwa za tarishi wetu wa siku nyingi kuliko wote, ambaye huzivaa mikononi badala ya glovu, na kwa ajili hiyo ofisi nzima inamwita Mzee Soksi. Yeye ndiye anayepeleka dawa zahanati ya juu, kilomita ishirini kwenda na ishirini kurudi. Ndiye anayeondoka wa kwanza, kabla jua halijapata nguvu, na ndiye anayefika mahali penye upepo kuliko kote.

"Shikamoo, mzee," nilisema nikimfungulia kitabu cha vielelezo.

"Marahaba, mwanangu." Alivua soksi, akaziweka mezani zikiwa zimelala pamoja. Kisha akavua sweta. Lilikuwa la kijani, la kufumwa kwa mkono, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. "Hili ulitunze kidogo. Mama watoto ndiye kalifuma. Huo mkono mrefu alikuwa anaongea na dada yake, akajisahau."

Nikaliandika Kielelezo Namba Nne. Nikalikunja vizuri.

Utekelezaji ulianza kwa mafanikio. Kesho yake asubuhi hakuna pikipiki hata moja iliyotumia tone la mafuta, kwa kuwa hakuna hata moja iliyowaka. Matarishi walipiga kiki mpaka magoti yakalia. Ikabidi tuzisukume. Nyuma ya ofisi kuna mteremko unaoshuka hadi geti la pili, na kuanzia siku hiyo kila asubuhi saa moja na nusu watumishi wote tulipanga mstari, tukasukuma pikipiki moja moja hadi ikakohoa na kukubali. Kwenye taarifa ya wiki Mkurugenzi aliliita Zoezi la Umoja Mahali pa Kazi. Tulipata joto, lakini hilo sikuliandika.

Tatizo dogo likajitokeza. Tarishi akishaiwasha pikipiki, hathubutu kuizima. Akifika shule inanguruma uani huku mwalimu mkuu akitafuta miwani. Akifika posta inanguruma. Akienda kujisaidia inanguruma nje ya mlango kama mbwa anayemsubiri bwana wake. Mwisho wa wiki ya kwanza rejista yangu ilisoma kilomita ishirini na nane kwa lita. Ya Mzee Soksi, ishirini na saba.

Nilimpelekea Mkurugenzi. Hakushangaa.

"Unaona? Wamekasirika. Sasa wanaiba kwa hasira."

Fomu tatu za Maelezo ya Ziada katika mwezi mmoja maana yake ni shauri la nidhamu. Mzee Soksi alizifikisha kwa siku kumi na moja. Barua ya mashtaka niliichapa mimi: wizi wa mafuta ya umma, adhabu ikithibitika ni kufukuzwa kazi na kupoteza kiinua mgongo. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Alikuja na fomu zake tatu, akakaa kwenye benchi langu. Hakuwa ametia alama popote.

"Mzee, lazima utie moja," nilimwambia. "Mkurugenzi amesema kisanduku kitupu ni ukaidi."

"Nimezikalia usiku, mwanangu. Nikitia uzembe, nadanganya. Ukaidi, umenisukuma wewe mwenyewe kila asubuhi, ulisikia nikibisha? Na hiki kingine..." Hakukitaja. Aliangalia mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na pale ilipopasuka palikuwa pekundu. "Miaka ishirini na tisa nimebeba dawa za watu. Hata kidonge cha kichwa sijawahi kuomba. Sasa niende nikamwambie mama watoto kwamba mimi ni mwizi wa petroli?"

Nilitafuta jibu kwenye rejista. Rejista ilikuwa na safu ya lita na safu ya kilomita tu.

"Weka mikono kwenye taa ya meza, mzee," nilisema. "Ina joto kidogo."

"Inaruhusiwa?"

"Haijakatazwa. Taa haikutajwa."

Aliweka mikono, tukakaa hivyo.

Shauri lilipangwa Ijumaa. Makao Makuu ilimtuma Mkaguzi, na mimi nikaambiwa niandae vielelezo. Nikagundua upungufu. Kielelezo hakiwezi kutoka kabatini bila fomu, na fomu ya namna hiyo haikuwepo. Nikaibuni haraka Alhamisi saa kumi: Fomu ya Kuazima Kielelezo. Jina, cheo, namba ya kielelezo, sababu, saini, tarehe. Kwa haraka hiyo nilisahau kuweka visanduku. Mbele ya neno "Sababu" niliacha vidoti tu, mstari mzima, mtu ajaze apendavyo. Nakiri lilikuwa kosa la kitaaluma. Mkurugenzi aliidhinisha bila kuisoma, kwa sababu nilimpelekea pamoja na kahawa.

Mkaguzi alikuwa bibi mwembamba mwenye sauti ndogo na nguo nyepesi za bondeni. Alipovuka uwanja kutoka garini hadi ofisi ya Mkurugenzi alikuwa ameshabadilika rangi, lakini hakusema kitu. Alikuwa amepelekewa nakala ya tangazo. Alipewa kiti katikati ya hita mbili. Mkurugenzi alisoma mashtaka. Mzee Soksi alisimama na shati lake la mikono mifupi, kofia mkononi.

"Kiwango cha kilomita arobaini," Mkaguzi aliuliza, "kilipimwa wapi?"

"Kimo kwenye kitabu cha pikipiki, Mheshimiwa."

"Hicho kitabu kimewahi kwenda zahanati ya juu?"

Mkurugenzi alicheka peke yake. "Mheshimiwa, njia ni njia, lita ni lita. Mimi nilikuwa tarishi kabla sijawa Mkurugenzi. Kwa lita moja mtu mwaminifu anakwenda na kurudi na cha kunusa kinabaki kwenye tangi."

"Basi nenda," alisema Mkaguzi.

Niliisikia hita ikipasukapasuka.

"Sasa hivi?"

"Dawa zinatakiwa kwenda leo au kesho?"

"Leo," nilisema. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichosema siku hiyo, na nilijuta papo hapo, kwa maana wote waliniangalia.

Mama Spana alimwaga mafuta yote kutoka kwenye tangi la pikipiki ya Mzee Soksi, akapima lita moja kwenye chupa ya kipimo, akaitia. Mkurugenzi alivua koti lake la suti mwenyewe, ili pasiwe na maneno. Shati lake lilikuwa jeupe na tai ya bluu.

Mzee Soksi alimsogelea. "Bosi, usiende hivyo. Tia hata gazeti kifuani, chini ya shati. Sisi ndivyo tunavyofanya. Linakata upepo."

"Gazeti," alisema Mkurugenzi, "ni sweta lililoandikwa."

"Haya. Maji umeyavulia nguo, yaoge."

Tulimsukuma. Sijawahi kuona Zoezi la Umoja likifanywa kwa umoja kama ule. Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikashika, Mkurugenzi akapungia mkono, akatoka getini.

Gari la Mkaguzi lilimfuata nyuma. Lina viti vitano: dereva, Mkaguzi, Mama Spana na spana zake, Mzee Soksi kama mshtakiwa, na mimi. Mimi nilikuwa na rejista, fomu, mfuko wa vielelezo, ambao haukuweza kuachwa bila mtunzaji, na kidumu cha lita mbili kilichofungwa kwa lakiri. Mafuta ya kidumu hayatoki bila Fomu ya Maelezo ya Ziada yenye saini ya Mkurugenzi. Utaratibu huo pia ni wake.

Kilomita tano za kwanza alikwenda vizuri. Ya nane akaanza kuinama juu ya tangi. Ya kumi na moja tai ilipeperuka ikamziba uso, naye hakuiondoa. Mama Spana alisema Mkurugenzi hataki kuachia joto la uso. Mahali hapo barabara inapanda kwa kujikunja, na kwenye kona zenye kivuli majani yalikuwa bado na ule unga mweupe wa umande ulioganda.

"Anapeleka gia kubwa," Mzee Soksi alinong'ona. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. "Teremsha gia, bosi. Unaisonga."

"Wewe mzee ni mshtakiwa," alisema Mama Spana. "Acha kumsaidia shahidi."

Zahanati ya juu ni vyumba viwili na ukumbi. Muuguzi alipokea boksi la dawa, akafungua kitabu cha kupokelea, ambacho husainiwa nakala tatu. Mkurugenzi alisimama kando ya pikipiki, ikinguruma. Hakuizima.

"Zima basi, baba, tusikilizane," alisema muuguzi.

"H-haiwaki tena," alisema Mkurugenzi.

"Kwa nini?"

Mkurugenzi aliutafuta msimamo wa Idara, na msimamo wa Idara haukuwa na jibu.

Muuguzi aliandika jina, na wino ukakataa. Akaipulizia kalamu pumzi, akaifikicha viganjani, akaandika herufi mbili, ikakataa tena. Akaingia ndani kutafuta nyingine. Nakala tatu zilichukua dakika ishirini na mbili. Ningeweza kumpa kalamu yangu, ambayo asubuhi huwa naitunza kwapani iwe tayari kwa kazi. Lakini hakuna aliyeniomba, na mimi si mtu wa kujitokeza.

Kwenye kilomita ya ishirini na saba, juu kabisa ya mgongo wa mlima, pasipo na mti wala nyumba, pikipiki ilipiga chafya, ikapiga chafya, ikanyamaza.

Tulisimama. Nilifungua mlango na upepo ukauchukua mkononi mwangu. Mkurugenzi alikuwa bado ameketi juu ya pikipiki, ameshika usukani, kwa sababu vidole havikuwa vimepata taarifa kwamba safari imekwisha. Midomo yake ilikuwa rangi ya tai.

"M-mafuta," alisema.

"Ndiyo, Mkurugenzi." Nilimfungulia fomu juu ya rejista. "Kilomita ishirini na saba. Zimepungua kumi na tatu. Naomba utie alama sababu."

Alivitazama vile visanduku vitatu, kimoja kimoja.

"Andika b-baridi."

"Hakuna kisanduku, Mkurugenzi."

"Chora k-kimoja."

"Fomu haibadilishwi bila kibali."

"Kibali cha n-nani?"

"Chako. Kinaombwa kwa barua, kinajibiwa ndani ya siku kumi na nne."

Alilitazama gari. Gari lilikuwa limejaa. Mkaguzi alikuwa ameteremsha kioo upana wa kidole kimoja, akisikiliza. Upepo ulipita, na nikaona mwili wote wa Mkurugenzi ukitetemeka, kuanzia magotini hadi mashavuni, na pikipiki nayo ikatetemeka chini yake kana kwamba imewaka. Nilimhurumia. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini nilimhurumia kweli.

"Binti," alisema, bila Karani. "Kwenye huo mfuko kuna s-sweta?"

"Kuna Kielelezo Namba Nne, Mkurugenzi. Kinaazimwa."

"N-niazime."

Nilimpa fomu yangu na kalamu yangu ya moto. Aliandika jina lake. Aliandika cheo chake. Alipofika kwenye Sababu alisimama, macho yakazunguka ukurasa yakitafuta visanduku. Havikuwepo. Kulikuwa na vidoti tu. Basi akajaza. Mkono ulimtetemeka, lakini neno lilisomeka: Baridi. Akaongeza: kali sana. Akapiga mistari miwili chini yake, akatia saini na tarehe.

Nilimvalisha sweta la kijani, maana mikono yake ilikuwa haipati matundu. Mkono mrefu ulimfunika vidole hadi kwenye kucha, ukamfaa.

"Nione," alisema Mkaguzi.

Alisoma fomu kupitia upenyo wa kioo, kisha akaisoma tena kwa sauti ili wote tusikie. "Hii ni saini yako, Mkurugenzi?"

"Ni y-yangu."

"Ilitiwa kwa hiari?"

"Kwa m-moyo wote."

"Basi kwenye hiyo fomu ya mafuta andika: tazama fomu ya sweta."

Akaandika, akasaini, nami nikakata lakiri ya kidumu kwa mujibu wa utaratibu. Mzee Soksi alishuka garini na shati lake fupi, akatia lita moja kwenye tangi bila kumwaga tone. Mkurugenzi alipiga kiki. Akapiga tena. Injini ilikuwa imeshapoa, na hapo mgongoni hapakuwa na mteremko.

"Vunja lakiri ya ch-choki," aliniambia.

"Kuvunja lakiri ni kuvunja Idara, Mkurugenzi."

Akainama, akaing'ata kwa meno. Nta nyekundu ilimbakia mdomoni.

"Sasa vuta," Mzee Soksi alimwambia, polepole, kama anayemfundisha mtu wa siku ya kwanza. "Yote. Piga kiki. Haya. Usiondoke! Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Ipate moto. Hesabu mpaka mia."

Mkurugenzi alihesabu. Alihesabu kwa sauti, kwenye upepo, kwa sweta la watu, huku pikipiki ikinguruma na gurudumu likiwa halijasogea hata shibiri. Alipofika sitini Mzee Soksi alimgusa bega.

"Hayo ndiyo mafuta tuliyoiba, bosi. Yasikilize."

Mashtaka yalifutwa saa tisa alasiri, mbele ya hita mbili. Fomu ya sweta iliingizwa kwenye jalada kama ushahidi pekee wa kitaalamu kuhusu hali ya hewa ambao Idara imewahi kuwa nao. Mzee Soksi alipewa soksi zake. Alizivaa papo hapo, akaniwekea mkono mmoja kichwani, nikashindwa kuandika kwa muda.

Makao Makuu ilifanya kazi haraka. Ndani ya miezi mitatu tu baridi ilipata fungu, la kumi na sita, na tukaletewa masweta mapya arobaini na agizo la kuyavaa. Yalifika mwezi wa kumi, kwenye jua kali, na miezi yote ya joto tuliyavaa huku jasho likitutoka, kwa kuwa fungu lisipotumika linarudi. Rejista ikasoma kilomita arobaini kwa lita.

Kwa kutambua kwamba hakuna mwingine mwenye uzoefu wa jambo hili kwa maandishi, Makao Makuu ilimteua Mkurugenzi kuwa Mpimaji Mkuu wa Baridi. Kituo chake ni pale pale mgongoni mwa mlima. Amepewa kibanda, pikipiki, lita moja kwa kila kilomita arobaini, na kile kipimajoto cha ukutani. Hita zimebaki ofisini. Ni mali ya jengo.

Mzee Soksi hakudai sweta lake. "Mwachie," aliniambia siku ya kustaafu. "Mama watoto ameshanifumia lingine. Safari hii mikono yote miwili ni mirefu."

Mwezi wa sita umerudi. Jumatatu iliyopita Mpimaji Mkuu alishuka, ndevu zina ukungu, akasimama mbele ya meza yangu akiwa na sweta la kijani. Pikipiki ilikuwa imekwenda kilomita ishirini na tisa kwa lita, na anaomba ziada. Nilimkaribisha, nikamvutia taa ya meza iwe karibu na mikono yake, nikampa fomu.

Alivihesabu visanduku. Bado ni vitatu.

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba cha nne kimeshachorwa kwenye rasimu, nilikichora mimi mwenyewe kwa rula, na kwamba kinachosubiriwa ni saini ya Mkurugenzi tu, si ya Mpimaji Mkuu. Makao Makuu bado haijamteua mwingine. Kwenye kumbukumbu zetu Mkurugenzi ni yuleyule, ila hayupo ofisini. Yuko nje, kwenye baridi.